Furu ya gazi ya aliri mbili: miezi 11 tukichoma mukate nayo hapa Goma

Nimeahidi wamama wengi wa kazi ya mukate kama nitaandika juu ya hii furu, jiko yetu ya kuchoma mukate yenye iko na aliri mbili, ni kusema moto mudogo na moto mukubwa. Wananiulizaka ku soko, wananiulizaka wakati tunatoka ku kanisa, na wengine wanakuyaka mpaka ku mulango saa kumi ya usiku wanataka kuona vile inawakaka. Leo ni siku ya Mungu, tumefunga mapema, basi naandika yote, ya muzuri na ya mubaya.

Siye tuko Katindo, bulanjeri mudogo, watu watano, tunachoma mara mbili kwa siku. Myaka mingi tulichoma na makala kama kila mutu, na kila mutu wa Goma anajua makala inatoka ku pori ya Virunga, na barabara ikifungwa tu gunia inapanda bei siku ile ile. Lakini sitaki kuongea sana juu ya makala. Naongea juu ya gazi, juu gazi njo ilikaribia kutunyanganya mutoto.

Furu yetu ya kwanza ya gazi ilikuwa ya okazio, wengine walikuwa wameitumikisha mbele yetu. Haikuwa na ventileri ya kupuliza hewa, haikuwa na kofre, ile sanduku yenye inaongoza moto, ilikuwa tu na moto chini na butoni ya kufinya: unafinya, unawasha na kiberiti, unangoja kile kichuma cha termokupili kipate moto, kisha unaachilia. Kichuma kikipoa, gazi inajifunga yenyewe, sekirite yake yote ni hiyo tu. Siku termokupili iliungua tuliita duka yenye ilituuzia, wakatuma kijana, na kijana yule hakuleta termokupili ingine, alichukua waya ya kufungia mabati akazungushia butoni mara tatu ili ibakie imefinywa. Akasema mama, sasa haitakusumbua tena. Nikamulipa, nikamupa na mikate mbili ya kupeleka nyumbani.

Haikupita wiki mbili. Asubuhi moja upepo ulikuwa unaingia kutoka ziwa, moto ikazimika chini ya furu na hakuna mutu aliona, gazi ikaendelea kutoka pole pole juu butoni ilikuwa imefungwa na waya, na mutoto wa kaka yangu akainama na kiberiti. Haikulia kama bombe. Ililia vuu, kama mutu anakunguta shuka kubwa yenye maji. Nyusi zikaenda, nywele za mbele zikaenda, na ngozi ya mukono wa kuume mpaka ku kiwiko. Leo iko muzima, Mungu asifiwe, anafanya kazi na siye kila siku, lakini ule mukono mpaka leo haupendi jua. Waya ile niliifungua miye mwenyewe na koleo, nikaitundika ku musumari karibu na mulango, iko pale.

Kwa hiyo wakati tulipata njia ya kununua ingine sikuanza na bei. Kila duka niliingia Birere na ng'ambo Gisenyi niliuliza kitu kimoja: moto ikizimika wakati siko naangalia, nani anafunga gazi? Wengi waliniangalia tu. Moja alinijibu vizuri, na njo huyo nilinunua kwake.

Furu yenyewe ni ya kuzunguka, unaingiza gari nzima ya plaki, kile kigari chenye kinabeba sinia za mukate, unafunga mulango, gari inazunguka ndani na upepo wa moto unapita kila mahali. Brileri yake, mashini yenye inawasha moto, inatoka Italia, ni ya aliri mbili, maana yake iko na moto mudogo na moto mukubwa, na inapita yenyewe kutoka moja kwenda ingine. Ku moto mukubwa ni kilowati 50, ku moto mudogo iko chini kidogo ya 30. Ukitaka kujua hiyo inakula nini: kilo moja ya gazi ya chupa inatoa karibu kilowati-saa 13, kwa hiyo saa nzima ya moto mukubwa ni karibu kilo 4, na ya moto mudogo ni kilo 2 na kitu. Hapo njo utaelewa faida ya aliri mbili. Unapandisha furu na moto mukubwa wakati iko baridi, ukisha ingiza mukate moto mudogo inatosha kushikilia, na mukate inaiva sawa sawa bila kuungua pembeni na kubakia mubichi katikati. Zile furu za aliri moja zinawaka-zinazimika, zinawaka-zinazimika, na kila kuwaka mupya kuko kupoteza gazi na kuchosha vyuma.

Sasa fundi. Duka ilituletea muzee moja wa Bukavu, mutu wa sauti ya chini, na siku ya kwanza alikataa kuwasha. Sisi tulikuwa tumekandia unga tayari, kilo 50, tunangoja. Alitembea ndani, akaangalia chini, akaona chupa za gazi tumeziweka mu kona karibu na tundu ya kutoshea maji, akauliza: mama, uko mutu wa Goma ao hapana? Nikasema nilizaliwa hapa. Akasema basi unajua mazuku.

Wenye hawako wa hapa, mazuku ni ile hewa mubaya yenye inatoka mu udongo wa volkano na kujaa mu mashimo, mutoto ao mbuzi anashuka mule asubuhi mapema wakati hakuna upepo na hatoki tena. Ni gazi kaboniki, nzito kuliko hewa mara moja na nusu, njo maana inalala chini. Muzee akaniambia propani ya chupa ni nzito sawa sawa na mazuku, tena sawa kabisa, ukipima moja na ingine unapata uzito uleule, na butani ni nzito zaidi, mara mbili ya hewa. Kwa hiyo gazi ikivuja haipande kwenda ku dirisha, inatembea chini kama maji, inatafuta shimo, inatafuta tundu ya maji, inatafuta mahali mutoto analala. Kuko tofauti moja tu, na hiyo tofauti ilinikaa mu kichwa: mu mazuku moto inazimika, mu gazi ya chupa moto inalipuka. Myaka yote niliishi na mazuku na sikuwahi kufikiri kama nimeiweka ndani ya nyumba yangu, mu chupa.

Unga ule tuliupeleka kwa jirani achome. Kesho yake tulijenga kibanda cha mabati nje, kiko wazi chini, mbali na tundu yote, chupa zinasimama wima juu ya simenti. Ndani tukatoboa tundu mbili za hewa, moja juu moja chini ya ukuta, na hizo tundu hakuna ruhusa ya kuziba hata kama mvua inaingia.

Kisha alinikalisha mbele ya furu, akanifundisha namna inajiamusha, na alinikataza kugusa kitu mpaka niseme yote kwa mudomo. Nasema hapa vile nilisema siku ile.

Kabla ya umeme, pua. Unaingia, unainama chini karibu na simenti, unanusa. Gazi ya kawaida haina harufu, ile harufu ya yai bovu wanaitiaka kusudi tusikie. Ukisikia, hauguse hata swichi ya lampi, unafungua milango, unafunga chupa nje, unangoja. Kama hakuna harufu, unafungua chupa pole pole, unaangalia saa ya presio, kile kipimo cha nguvu ya gazi, na mara moja kwa wiki unapaka maji ya sabuni ku kila mahali tiyo inaungana na detanderi, kile kichuma chenye kinapunguza nguvu ya gazi. Povu likitokea, kuko tundu. Hatupimi na kiberiti, hata kama baba yako alikuwa anapima hivyo.

Hapo njo unafungua swichi ya furu na kupandisha termosta. Hapa watu wengi wanafikiri gazi inatoka mara moja. Hapana. Kofre, ile sanduku mudogo pembeni ya brileri, inaanza kwa kuangalia kama presostati ya hewa iko imelala. Presostati ni kiswichi kinachosikia pumzi ya ventileri. Kama ventileri haijazunguka na presostati inasema hewa iko, kofre inajua mutu ameidanganya, ameunga waya mbili pamoja, na inakataa kuanza. Niliposikia hivyo nilikumbuka waya yangu ya ku musumari. Hii mashini inakataa waya ya namna ile.

Kisha ventileri inaanza. Inapuliza, na gazi bado imefungwa. Mu furu yetu inapuliza sekunde 40 hivi, inafukuza kila gazi yenye ilibakia ndani ya tumbo ya furu na kuitosha ku shemine, tiyo ya moshi. Hizo sekunde njo zilikosekana siku mutoto aliungua. Nilizihesabu siku ya kwanza kwa sauti na mpaka leo nazihesabu, haipiti asubuhi bila kuhesabu.

Kisha unasikia tik-tik-tik, umeme inaruka ku elektrodi. Kisha vane, milango midogo ya gazi, zinafunguka, unasikia klak, na moto mudogo inashika. Kuanzia gazi ifunguke brileri yetu iko na sekunde 3 tu za kuonesha kama moto iko kweli. Namna inajua ni kitu cha kushangaza: kuko kichuma chembamba kinachosimama ndani ya moto, na moto yenyewe inapitisha umeme mudogo sana, mikroampea chache tu, kutoka kichuma kwenda ku chuma ya brileri. Umeme ule ukipita, moto iko. Ukikosa, vane zinajifunga, lampi nyekundu inawaka, na mafundi wanasema imejiweka mu sekirite.

Moto mudogo ikisha kaa vizuri, kama furu bado iko baridi, kiklape cha hewa kinafunguka zaidi, kisha vane ya pili inafunguka na moto inakuwa mukubwa, sauti yake inabadilika kutoka shii kwenda huuu. Hewa inatangulia, gazi inafuata. Wakati wa kushuka inarudi ku moto mudogo, na ukifikia joto yenye uliomba vane zote zinafungwa. Wakati wa kufunga kazi usikimbie kukata swichi kubwa. Shusha termosta, funga chupa nje, lakini upepo wa ndani uache uzunguke mpaka furu ipoe, ukiukata wakati chuma bado ni ya moto sana inapinda na kupasuka, na hiyo chuma ni bei.

Juu ya lampi nyekundu nitaongea kidogo zaidi maana njo mahali vijana wanaharibu. Butoni ya kureame, ya kuianzisha tena, iko pale, unafinya, inaanza tena. Muzee alisema unafinya mara moja. Ikikataa, unangoja, unanusa chini, unafinya mara ya pili. Ikikataa tena, mukono kando, unaita mutu. Kila jaribu lenye halikushika limeacha gazi kidogo ndani, na mutu mwenye anafinya mara kumi kwa hasira anajaza furu yeye mwenyewe.

Na tulipata lampi nyekundu, siwezi kuficha. Wiki ya pili umeme ilipotea, tukawasha grupu, mashini yetu ya kutoa umeme, na furu ikakataa kabisa. Moto ilikuwa inashika, naiona ku kadirisha, buluu muzuri, kisha sekunde tatu klak, imezima. Nilikasirika sana, mukate ilikuwa imevimba tayari, nikapiga duka simu na maneno mengine nayaomba musamaha. Muzee alikuya, hakucheka, akashika tu waya akafuatilia. Ule umeme mudogo wa moto lazima upate njia ya kurudi kupitia tere, ile waya ya kuingia mu udongo, mpaka ku netre, waya yenye umeme inarudia. Grupu yetu netre yake haikuwa imeungana na tere, na tere yenyewe ilikuwa chuma ya nusu metre imepigiliwa mu mawe ya lava, na mawe ya lava makavu hayapitishi umeme vizuri. Kwa hiyo moto iliwaka na kofre haikuiona. Kijana mwingine angekata kile kichuma na kudanganya kofre. Muzee alitushindisha siku mbili tukichimba nyuma ya nyumba mpaka kupata udongo, tukaweka chuma murefu na makala ya kusaga na chumvi kuizunguka, tunamwagia maji wakati wa kiangazi, kisha akapanga netre ya grupu. Kutoka siku ile haikukataa tena juu ya hiyo. Kama uko unanunua furu ya namna hii hapa Goma, weka bei ya tere ndani ya hesabu yako toka mwanzo, usikie shauri la mama mwenzako.

Kitu kingine duka nyingi hawasemi: Goma iko juu, karibu metre 1500, na hewa yetu ni nyepesi karibu asilimia 15 kuliko ya ku bahari kule brileri inapimiwa. Ukiiwasha vile ilitoka mu karto, gazi ni mingi, hewa haitoshi, moto inakuwa ya njano na ncha zake zinapaka masizi. Na moto ya namna hiyo inatoa monoksidi ya kaboni, ile haina harufu, haina rangi, unasikia tu kichwa kinauma na usingizi. Muzee aliingiza kichuma cha mashini yake mu shemine, akasoma, akapunguza gazi, akafungua hewa, akasoma tena, ku moto mudogo kisha ku moto mukubwa, saa mbili nzima. Fundi mwenye anaangalia rangi tu na kusema iko sawa, mulipe transport yake arudi.

Chupa nazo. Tulianza na mbili za kilo 50. Saa kumi na moja asubuhi, moto mukubwa ikiwa inakula, nilitoka nje nikakuta chupa zinatoka jasho, kisha chini pale gazi ya maji iko, mustari mweupe wa barafu, unaweza kuandika jina na kidole. Gazi ikitoka kwa nguvu chupa inapoa, ikipoa presio inashuka, na brileri inakosa pumzi. Vijana walitaka kuweka beseni ya maji ya moto chini ya chupa, nikakataa. Tuliunga chupa nne pamoja, kila moja inatoa kidogo, barafu ikaisha.

Mudogo wangu iko Edmonton, Kanada, nilimutumia video ya furu akaniambia yaya, hii ni mashini yangu ya chini ya nyumba! Kule baridi inashukaka mpaka 30 chini ya sifuri, nyumba nyingi ziko na furu ya gazi ya kupasha vyumba, na yake pia ni ya hatua mbili. Akanipigia video akiisikiliza: kaventileri kadogo kanaanza kuvuta moshi, presostati inakubali, kajiwe kanakuwa kekundu kama kaa la makala, gazi inafunguka, kichuma kinasikia moto, kisha nyuma ya kama nusu dakika ventileri kubwa inapuliza joto mu vyumba, na vyumba vikikawia kupata joto inapanda ku hatua ya pili. Gazi yao inapita mu tiyo chini ya barabara, ni metani, nyepesi kuliko hewa, inapanda juu, si kama yetu. Metani ile ile yenye iko imejaa mu ziwa Kivu yetu, na ng'ambo Rwanda, ku Karongi, santrali ya KivuWatt inaitosha na kuifanya umeme, siye bado tunabeba chupa. Furu ya mudogo wangu ilikataa siku moja, lampi inapiga macho mara tatu, inapumzika, mara tatu tena, akasoma ku karatasi ndani ya mulango wa mashini: presostati. Theluji iliziba tiyo ya hewa nje. Aliitosha na mikono, ikawaka. Hakuunga waya yoyote. Kisha alinitumia kidude cha kupima monoksidi, kimetundikwa urefu wa kichwa changu, na hapa nilinunua kingine cha gazi ya chupa, hicho kiko chini, sentimetre 20 kutoka simenti.

Ya mubaya ya hii furu: bila umeme haiwaki kabisa, makala haikuwa na hiyo shida. Inapiga kelele, jirani alilalamika mpaka tukamujengea ukuta. Elektrodi ikivunjika unangoja itoke Kigali ao Kampala, njo maana nimeweka mbili mu kabati, pamoja na presostati moja. Muvuke wake ni kidogo kwa mukate murefu wa Kifaransa, ganda halingae vile nataka. Kwa mukate ya kawaida na mandazi ya furu, sina neno.

Ya muzuri: gari ya asubuhi inaiva ile ile juu na chini, plaki ya kwanza na ya mwisho huwezi kuzitofautisha, macho hayaumi tena, na mutoto wa kaka yangu anaiwasha yeye mwenyewe sasa. Ilichukua miezi mitatu kabla akubali kuikaribia. Siku ya kwanza alisimama na mukono nyuma ya mugongo, ule wenye uliungua, akafungua swichi na ule mwingine.

Duka niliyonunua kwake nitamuelekeza kila mutu mwenye atakuya kuniuliza uso kwa uso, na muzee wa Bukavu pia, anakuyaka Goma kila miezi sita na boti kupima moshi wetu. Wenye wanataka kuona wakuye saa kumi ya usiku, wasimame karibu na mulango, simu na sigara zibakie nje. Mutasikia ventileri ikianza. Musiniongeleshe hapo, niko nahesabu mpaka 40.